Mama Mkwe na Mimi Tulivyokwenda Kampala Kutafuta Tenti ya Watu Saba

Wenzangu wa kwaya, na nyinyi majirani mnaonisimamisha njiani nikiwa na ndoo ya maji kichwani: ndiyo, ni kweli. Mama mkwe wangu alilaza watu chini ndani ya magazini moja, duka la Kampala, na wawili kati yao walikuwa Wazungu. Hakuna aliyelazimishwa. Nimechoka kuhadithia vipandevipande kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwa hiyo leo nimekaa chini niandike yote. Mambo ya vibali na mihuri nayaruka. Yanafanana kwa kila mtu na hayachekeshi.

Kwa asiyetujua: mimi ni Mama Gloire, nafundisha darasa la tatu. Bwana yangu ni Paluku, fundi wa simu. Tuna watoto wanne, na tunaishi na mama yake Paluku, Mama Masika, ambaye watoto wanamwita Koko, yaani bibi. Watu saba, basi. Kila mwaka wakati wa likizo, familia za parokia yetu huenda kulala siku tatu kwenye uwanja wa majani nje ya mji, kuimba, kuomba na kupika nje. Mwaka jana tuliazima tenti ya watu watatu. Paluku alilala miguu ikiwa nje, na asubuhi tulimkuta mbuzi anatafuna soksi yake.

Koko hakuja. Watoto walipomwambia, "Koko, twende kambi," aliweka kikombe chini.

"Kambi?" alisema. "Tena?"

Kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Alipokimbia kijiji chake, kabla Paluku hajampata na kumleta kwetu, alikaa kwenye kambi ya wakimbizi, chini ya plastiki. Hajawahi kutuhadithia. Tulijua tu kwamba hapendi hata kusikia mvua ikipiga kwenye turubai la jirani.

Mwaka huu Gloire, binti yangu mkubwa, alisema kwamba bila Koko yeye haendi, na wadogo zake wakasema vilevile. Tulimbembeleza wiki nzima. Mwishowe akasema:

"Sawa. Lakini ile tenti nitachagua miye mwenyewe. Weye, Mama Gloire, unanunuaka hata nyanya zenye kuoza."

Hapa Bunia, upande wetu wa Kongo, tulipata tu tenti ndogondogo za watu wawili. Paluku hakuweza kuacha simu za watu. Ndiyo maana tukaenda Kampala sisi wawili, mkwe na mkwe.

Bunia hadi Bogoro

Gurudumu la gari letu la abiria lilipasuka kabla hatujaingia Bogoro. Dereva akashuka, akafungua nyuma, akatoa gurudumu la akiba, na hilo nalo likawa halina upepo. Akalitazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu yake. Kisha akadandia pikipiki na magurudumu yote mawili, akatuacha pembeni ya barabara.

Tulikaa saa mbili. Mama mmoja wa pale alituuzia avoka na mihogo ya kuchemsha, akamuuliza Koko tunaenda wapi.

"Tunaenda Uganda kununua nyumba," Koko akajibu.

Nilicheka, nikidhani ataeleza. Hakueleza.

"Iko na vyumba ngapi?" mama wa avoka akauliza.

"Mbili. Na salon."

"Ya matofali?"

"Apana. Ya kukunja."

Lori lilikuwa linapita na honi yake, na yule mama akashika neno nusunusu. "Kukunja," akasema, "njo kartiye gani pale Kampala?"

Koko alimenya avoka yake polepole. "Kartiye ya muzuri sana," akasema. "Hakuna kelele."

Dereva aliporudi, abiria wote walikwisha kujua kwamba Mama huyu mwenye kitambaa cha njano ana nyumba ya vyumba viwili na salon, yaani sebule, katika mtaa wa Kukunja, Kampala. Bwana mmoja mfanyabiashara wa samaki wa chumvi akampisha kiti cha mbele.

Bogoro hadi Kasenyi, halafu ziwa

Mnaijua ile barabara inavyoteremka, na ziwa linavyotokea chini ghafla kama mtu ametandaza bati jipya mpaka upeo wa macho. Koko hakuwa amewahi kuliona. Alisema tu, "Ee, Mungu hana haya," akalitazama mpaka Kasenyi.

Mfanyabiashara wa samaki alikuwa ametangulia kueneza habari. Tulipofika kwenye pirogi ya motere, mtumbwi wa injini, nahodha mwenyewe alimshika Koko mkono, akamkalisha katikati, mahali pasipo maji, juu ya gunia la maharage. Mimi nilikaa juu ya jerikani ya mawese. Tulivaa jile, jaketi za kuelea. Ya Koko haikupita juu ya kitambaa chake cha kichwa, na hakukubali kukivua, ikabidi wanaume wawili wamvishe kuanzia miguuni.

Katikati ya ziwa, mawimbi yalipoanza kutunyanyua, mfanyabiashara alisogea.

"Mama, samahani. Chumba moja ya ile nyumba hauwezi kunipangisha? Miye nakuyaka Kampala kila mwezi."

Koko alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, macho ameyafumba kwa woga. Hakuyafungua. "Naweza," akajibu. "Lakini mupaka uoshe miguu kabla ya kuingia."

"Asante sana, Mama! Mungu akubariki!"

Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi, na kwikwi hiyo haikuniacha mpaka ng'ambo. Tuliposhuka Ntoroko nikamwambia, "Mama, yule bwana ulimudanganya."

"Nilimudanganya wapi? Nilisema ya kukunja."

Ntoroko hadi Fort Portal

Mimi nilijiona kiongozi wa safari. Nina diploma. Nina Kifaransa. Upande ule wa ziwa Kifaransa changu kilikufa palepale ufukweni, ikabaki Kiingereza kidogo nilichosoma shuleni. Nilimwambia dereva wa gari la Fort Portal kwa Kiingereza hicho kwamba tunatafuta tenti. Sasa, kwa Kiingereza tenti na kumi zinafanana sana, hasa zikipitia mdomoni mwangu. Dereva akafurahi mno. Akafukuza abiria wengine, akafuta viti na kitambaa, akatupandisha, akasimama mlangoni kusubiri. Tulisubiri saa nzima. Kila nilipomuuliza mbona hatuondoki, alininyooshea vidole vinane.

Koko ndiye aliyetuokoa. Alimwona mama anauza mananasi, akamsalimia kwa Kinande, bila sababu, kwa sababu tu ya uso wake. Yule mama akaitika. Kumbe Bakonzo wa kule na Banande wa kwetu lugha yao karibu ni moja! Mimi kwetu ni Irumu, Kinande nasikia maneno matatu tu: njoo, kula, nyamaza. Nilibaki nimesimama hapo kama mzigo, huku mama mkwe wangu, ambaye hajakaa darasani hata siku moja, akieleza mambo yetu yote. Mama wa mananasi alimweleza dereva. Dereva aliangua kicheko, akaniita mwalimu kwa Kiswahili, "Mwalimu wa hesabu!", akarudisha abiria wake.

Kuanzia hapo kiongozi alikuwa Koko. Fort Portal alituagizia matoke na mchuzi wa karanga. Alikula sahani mbili, kisha akanong'ona, "Iko bizuri, lakini njo chakula ya mutoto asiye na meno," akatoa pilipili kutoka kwenye fundo la kitenge chake.

Kampala, magazini mbili za kwanza

Kwenye basi la Kampala Koko alikaa karibu na mama mmoja Mukonzo, muuzaji wa vanila, ambaye naye jina lake ni Masika. Mnaweza kufikiri ilivyokuwa. Walizungumza kutoka Fort Portal mpaka mjini bila kumeza mate, na tuliposhuka Masika huyo akasema tutalala kwa dada yake na kesho atatupeleka madukani. Nitamwita Masika wa vanila, tusichanganyikiwe.

Magazini ya kwanza ilikuwa na tenti kweli. Muuzaji alijua Kiswahili cha kwao.

"Wageni ni wangapi?"

"Saba," nikasema.

"Mia saba. Sawa. Na viti?"

"Apana, siyo mia. Saba."

Alitutazama kwa huruma. "Harusi ya watu saba?"

"Siyo harusi. Ni ya kulala."

"Kulala," akarudia. Akamwita mwenzake, wakajadiliana kwa Kiganda, kisha akaniambia kwa upole kwamba kwa msiba pia wanakodisha, pamoja na spika. Tulitoka nje mbio, Masika wa vanila akijishika mbavu.

Magazini ya pili kicheko kilikatika. Huko waliuza maturubai ya plastiki, marobota kwa marobota, meupe na ya bluu. Muuzaji alikunjua moja kwa mkono mmoja, ile sauti yake ikasikika, kraa. Nilipogeuka, Koko hakuwepo.

Nilimkuta nje, amekaa kwenye ngazi ya duka, mkoba mapajani. Nikakaa pembeni yake.

"Mama, turudi nyumbani?"

"Unajua kile kilinichokesha kule?" akasema. "Siyo baridi. Siyo njaa, njaa batu bote balikuwa nayo. Ni kuinama. Kuingia, nainama. Kutoka, nainama. Kuvaa, nainama. Na hakukuwa mulango, ni kipande ya plastiki tu. Kila mutu anapita, anakuona. Miye muke ya muzee mwenye ngombe makumi mbili, nilikuwa natoka kwangu kila asubui kama kuku."

Miaka yote niliyopika naye, sikuwahi kusikia hayo. Nikamwuliza tu kile ambacho tulipaswa kumwuliza tangu Bunia:

"Sasa Mama, weye unataka tenti ya namna gani?"

Akafikiri. "Yenye nitaingia nikiwa nasimama," akasema. "Na mulango wa kufunga. Nifunge miye, kwa ndani."

"Njo vile tu?"

"Na isiingize maji. Siko mwendawazimu."

Kampala, magazini ya tatu

Sasa tumefika kwenye habari mnayoitaka. Masika wa vanila alitupeleka kwenye duka la vifaa vya watalii, wale wanaokwenda kutazama wanyama. Kwenye ukumbi wa nyuma tenti zilikuwa zimesimamishwa. Muuzaji alikuwa kijana Mukonzo, mrefu, mwenye adabu, na jina lake lilikuwa Baluku. Koko alipiga makofi. Ni jina la mwanawe, ila kwa B!

Baluku alituonyesha tenti iliyoandikwa watu wanane. Nikasema, vizuri sana, siye ni saba, inabaki nafasi ya mmoja. Koko akainama kuitazama ile namba, kisha akauliza:

"Wanane ya wapi?"

"Mama?"

"Hawa batu wanane benye banaandika hapa, ni batu ya wapi? Banalala namna gani? Tutaona. Baluku, lala."

"Mimi?"

"Weye njo mwanangu Paluku. Lala pale."

Baluku alivua viatu, akaingia, akalala. Koko akaniweka pembeni yake, akatuachia nafasi ya heshima. Masika wa vanila akawa Gloire. Mlinzi wa mlangoni, mtu mzima mwenye rungu, aliitwa kuwa mwanangu wa pili, na aliambiwa aache rungu nje. Walibaki watoto wawili. Hapo ndipo walipopita Wazungu wawili, bwana na bibi waliokuja kutafuta viatu vya kupandia mlima. Koko aliwashika mikono. Hawakuelewa neno hata moja, lakini walipotuona tumepangwa kama samaki kwenye sinia walicheka, wakavua vile viatu vipya, wakajilaza. Bibi alikuwa Merveille, kitinda mimba. Alilala ubavu, kama Merveille hasa anavyolalaka.

"Geuka!" Koko akaamuru, kwa sababu watu hugeuka usiku. Tuligeuka. Kiwiko cha mlinzi kilinipata sikioni. "Geuka tena!" Mzungu alimgonga Baluku kichwa, wote wawili wakaombana msamaha kwa lugha mbili.

Koko alisimama mlangoni na mwavuli wake, akatuhesabu, akatazama kipande cha sakafu kilichobaki.

"Na miye nitalala wapi? Juu ya tumbo ya Baluku?"

Hata bosi wa duka alikuwa amekuja kutazama, na alikubali mwenyewe: hiyo namba hupimwa kwa watu walionyooka, wasiogeuka, wasio na mizigo. Familia ya watu saba ichukue ya watu kumi. Andikeni hilo, ndilo fundisho pekee la barua hii.

Ya watu kumi ilikuwa pembeni, rangi ya majani makavu, na vyumba viwili na sebule katikati. Sakafu yake ilipanda kidogo ukutani ili maji yasiingie, na juu ilikuwa na kifuniko cha pili cha mvua. Koko hakutazama hayo. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, juu zaidi, kama siku ya Pasaka. Kisha akatembea, shingo imenyooka, akaingia. Kitambaa hakikugusa.

Akageuka, akatutazama sisi wote tuliokuwa tumesimama peku, akavuta zipu kutoka ndani. Ziiip. Tukabaki nje.

Tulisubiri. "Mama?" nikaita.

"Subiri."

Zipu ikafunguka, ikafungwa. Ikafunguka, ikafungwa. Mzungu alianza kuhesabu kwa vidole. Mwishowe Koko akatoa uso peke yake, amejaa machozi na meno yote yako nje kwa kicheko.

"Hii," akasema.

Mambo ya bei nayaruka pia. Mjue tu kwamba bosi alimwomba Koko arudi kufanya kazi pale.

Ntoroko tena

Tenti ikiwa kwenye mfuko wake ni nzito kama mbuzi aliyeshiba. Tulibadilishana kuibeba mpaka ufukweni, na hapo tukaambiwa pirogi haziondoki, ziwa limekasirika. Saa sita mchana upepo, saa nane wingu jeusi linatujia moja kwa moja. Hapakuwa na mahali pa kujificha ila kibanda kimoja kilichojaa. Pale ufukweni tulikuwa kama watu kumi: mama mwenye mtoto mgongoni, muuzaji wa kuku na kuku wake, mchungaji mmoja mwenye suti, na wengine.

"Mama Gloire," Koko akasema, "fungua nyumba."

Maelezo yalikuwa kwa Kiingereza na Kichina. Fito tulizichomeka tunavyojua sisi, tenti ikasimama imepinda kama ndizi. Mchungaji alivua koti, akasema aliwahi kuwa fundi seremala, akazipanga upya. Matone ya kwanza yalianguka tukiwa tunapigilia misumari kwa mawe. Tuliingia sote. Koko mlangoni alikuwa anakagua miguu ya kila mtu. Kuku walibaki kwenye sebule.

Mvua ilipoanza kwa nguvu, tone likampiga mchungaji puani. Lingine. Nikatazama chini yangu, nikaona kifuniko cha juu, kimekunjwa vizuri, nimekikalia! Wanaume watatu walitoka nje na kukitupia juu huku wamelowa chapachapa, na sisi ndani tukiwapigia makofi.

Nilikuwa na wasiwasi na kitu kimoja tu. Sauti. Mvua juu ya kitambaa, ileile anayoikimbia kwa jirani. Nilimtafuta kwa macho, nikijiandaa kumshika mkono kama kwenye pirogi. Alikuwa amekaa kwenye chumba cha pili, mgongo kwenye gunia la mchungaji, mtoto wa yule mama amelala mapajani mwake. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea pembeni. Nikafikiri analia. Nikasogea.

Alikuwa anakoroma.

Alilala mpaka mvua ilipokwisha, mchana kweupe, mdomo wazi, katikati ya wageni na kuku. Nahodha alipokuja kutuita nilimwomba atusubiri kidogo. Akakataa, mchungaji akamwomba, akakubali.

Bunia

Paluku na watoto walitupokea kwa kelele ambazo mlizisikia wenyewe. Kambini tulikwenda, siku zote tatu. Koko alichukua chumba kimoja na wajukuu wote wanne, akatuachia sisi kingine, na miguu ya Paluku ililala ndani. Jioni ya pili, tukiwa tunakula, watoto walimwuliza kuhusu ile kambi ya zamani, na akawahadithia. Siyo yote. Alianza na mama mmoja aliyekuwa anaiba chumvi ya kila mtu huku akiimba zaburi. Watoto walicheka, naye alicheka, kisha akaendelea na mengine.

Tuliporudi, Paluku alitaka kukunja tenti aiweke ghalani. Koko akasema iachwe uani kwanza, ikauke. Ilikuwa kavu.

Jana nilitoka shuleni nimechoka, nikasikia vicheko uani. Akina mama watatu wazee, nisiowajua, walikuwa wamekuja kumsalimia. Waliwahi kukaa naye kule kambini, chini ya plastiki, ndivyo alivyonieleza baadaye. Nilisimama jikoni nikawatazama kwa dirisha. Mmoja aliingia kwenye tenti, akatoka, akaingia tena. Halafu wa pili. Wa tatu alichukua muda mrefu kwenye zipu. Kisha wote wakaketi ndani, na Koko akaniita nilete chai.

Nilichukua sinia, vikombe vinne, na sukari, nikafika mlangoni, nikataka kuingia.

"Mama Gloire," sauti ya mama mkwe ikasema kutoka ndani, "vua viatu."